Tokuji wa Kwa Mhunzi

Ukisimama katikati ya Kamisawa ukaita "Sasaki!", hageuki mtu, maana sote ni Sasaki. Mimi ni Sasaki Tamae. Jirani yangu Shizue ni Sasaki, mwenye duka ni Sasaki, mtawa wa hekalu ni Sasaki, na makaburi yote ya pale nyuma ya hekalu yameandikwa Sasaki, usipoangalia vizuri unaweza kufagia la mtu mwingine ukamwachia maua mkwe wa watu. Jina hilo tumewaachia posta na serikali. Wenyewe tunaitana kwa nyumba. Shizue ni wa Kisimani, kwa ajili ya kisima kilichofukiwa kabla hajazaliwa. Sisi ni wa Kwa Mhunzi, ingawa mhunzi mwenyewe alikuwa babu wa babu yake mume wangu, na mume wangu Tokuji hakuwahi kushika nyundo ila ya misumari, na hata hiyo alijigonga nayo vidole mpaka nikamnyang'anya.

Kulikuwa na Tokuji mwingine, wa Mteremkoni, Sasaki Tokuji kama huyu wangu. Walisoma darasa moja. Mwalimu akiita jina walikuwa wanaitika wote wawili, au hawaitiki wote wawili, kutegemea ni zawadi au fimbo.

Sasa mume wangu alikuwa na ugonjwa wake mmoja wa televisheni. Akitokea Sasaki yeyote kwenye kioo, mrusha mpira, mwimbaji, mbunge, yule binti anayesoma hali ya hewa, lazima aache kula apige makofi. "Wetu huyo!" Nikimwambia, "Wetu wa wapi, hata hakujui," ananijibu, "Mimi namjua, yatosha." Siku moja wakamwonyesha Sasaki aliyekamatwa kwa utapeli. Nikamtazama nione atafanyaje. Akatafuna figili yake taratibu, akasema, "Huyo si wa kwetu. Huyo ni Sasaki wa kusini." Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Kisha akili yake ikaanza kupungua. Mtu angedhani atasahau kwanza jina langu, au choo kilipo. La hasha. Kitu cha kwanza kumtoka kilikuwa jina la Sasaki. Tulienda hospitali ya mjini, muuguzi akatoka na karatasi akaita, "Bwana Sasaki!" Nusu ya ukumbi ikainuka, yeye kakaa tu.

"Unaitwa wewe," nikamwambia.

"Hapana. Wanaitwa wale wakubwa." Akaanza kuwapigia makofi waliosimama.

Muuguzi akaita tena na tena, "Bwana Sasaki Tokuji!" na mwenzenu anatazama dirishani. Nikainama sikioni mwake nikasema, "Wa Kwa Mhunzi." Akaruka kama askari. "Naam! Nipo!" Basi tangu siku hiyo nilijua. Akiwa bafuni, akiwa bustanini, akiwa amekasirika, ukisema Wa Kwa Mhunzi anaitika na anakuja. Ukisema lingine lolote, unajisemea mwenyewe.

Siku aliyopotea ilikuwa mwisho wa vuli, baridi imeshaanza kuuma masikio. Asubuhi spika ya kijiji ilitangaza dubu. Kwetu spika ziko juu ya nguzo kila kona, hutangaza dubu, moto, maji kukatika, wimbo wa saa kumi na moja jioni, na misiba. Dubu alikuwa ameonekana juu Okuzawa, kile kitongoji kilichohamwa, tukaambiwa tusipande huko. Tokuji akasikiliza, akaniuliza dubu naye ni Sasaki? Nikamwambia bila shaka, hapa nani si Sasaki. Tukacheka. Nilikuwa natundika figili kwenye upenu zikauke, yeye ananipa kamba. Nikaingia ndani kuchukua kisu. Nilipotoka, kamba ilikuwa chini na mtu hayupo.

Niliita. Nikazunguka nyumba, nikachungulia ghala, nikaenda mpaka shambani kwa Shizue nikiita "Wa Kwa Mhunzi! Wee! Wa Kwa Mhunzi!" Magoti yangu haya ni ya kuendea jikoni tu, lakini siku hiyo yalikimbia. Shizue akatoka na mikono ya unga.

"Kaenda wapi tena huyo bwana wako?"

"Ningejua ningekuwa naita?"

"Basi usinifokee, shoga. Ngoja nizime jiko."

Tulizunguka na kigari chake cheupe cha mizigo, hatukuona kitu. Shizue ndiye aliyepiga simu polisi, mimi nikaendelea kuita dirishani. Haikuchukua muda spika zikalia ile kengele yake, nikashukuru, nikasema sasa atasikia.

"Hili ni tangazo kutoka kituo cha polisi. Tangu mchana wa leo hajulikani alipo Bwana Sasaki Tokuji, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Amevaa koti la buluu na viatu vya mpira. Atakayemwona atoe taarifa."

Nguzo moja ikimaliza, ya pili ya ng'ambo inarudia, na ya tatu ya juu mlimani inachelewa kidogo, mpaka bonde zima likawa linasema Sasaki, Sasaki, Sasaki. Jamani, walikuwa wanaita kila mtu isipokuwa yeye.

"Nipeleke ofisini," nikamwambia Shizue.

Zamani Kamisawa ilikuwa na ofisi yake na mwenyekiti wake, na aliyekuwa anasoma matangazo alijua hata nani kagombana na mkwewe. Siku hizi tumeunganishwa na mji, ofisi imebaki tawi, na pale mezani yuko kijana mmoja aitwaye Nozawa, anatoka mjini asubuhi anarudi mjini jioni. Si kijana mbaya. Alisimama nilipoingia, akaniinamia, akanivutia kiti.

"Pole sana, Bibi Sasaki."

"Usiniite hivyo, umeita kijiji kizima. Sikiliza, mwanangu. Lile tangazo lisome tena, lakini useme, Tokuji wa Kwa Mhunzi. Hayo mengine acha kama yalivyo. Useme tu, wa Kwa Mhunzi, njoo nyumbani."

Akajikuna shingo. "Maneno ya tangazo yanatoka polisi, bibi. Mimi nasoma tu. Hata nukta siruhusiwi kuongeza."

"Nukta mimi sitaki. Nataka uongeze jina lake."

"Jina lake lipo. Sasaki Tokuji."

"Hilo halijui!"

"Lakini ndilo lililoandikwa..."

"Nozawa," akaingilia Shizue, "huyu mzee ukimwita Sasaki anakupigia makofi. Tumekuambia. Unataka tukuchoree?"

Kijana akawa mwekundu. Akasema anaelewa, ila jina la nyumba halipo kwenye rejista, na polisi wanataka jina la rejista ili mtu asichanganywe. Nikamwuliza achanganywe na nani, maana wako Tokuji wawili wenye jina hilohilo la rejista, na mwingine yuko kwake Mteremkoni anakunywa chai na kushangaa kwa nini anatafutwa.

"Na mbona misiba mnasema nyumba?" nikamwuliza. "Juzi mlipotangaza mama wa mwenye duka, mlisema Sasaki wa Chini ya Daraja. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Tangazo la msiba ni la ofisi yetu, bibi. Lina nafasi ya jina la nyumba, watu wasije wakapeleka rambirambi kwingine. La aliyepotea ni la polisi. Halina nafasi hiyo."

"Na huyo wa msiba anasikia?"

Akachukua simu akapigia polisi, nakiri alipiga, akaeleza vizuri tu, jina la nyumba, ugonjwa, yote. Nikasikia sauti ya upande wa pili inasema maneno mengi. Akaitika ndiyo, ndiyo, akaweka simu. "Wamesema watauliza mkoani. Watapiga."

Tukakaa tukisubiri simu. Nje mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye misitu, rangi ya majivu. Nilijua ile rangi, ni ya theluji. Shizue alinishika mkono hakusema kitu, na Shizue asiposema kitu ujue mambo yameharibika. Simu haikulia. Saa ya tangazo la pili ikafika, Nozawa akanitazama, akaingia kile chumba kidogo chenye mlango wa kioo, akawasha taa nyekundu.

Nilisimama mlangoni. Namwona mdomo wake. "Bwana Sasaki Tokuji, mwenye umri..." Nikapiga kioo kwa kiganja. "Sema Kwa Mhunzi! Sema, mwanangu, neno moja tu!" Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote, nikitumaini kipaza sauti kitanidaka. Kile kioo kilikuwa kinene. Nje spika zilimtoa yeye peke yake, safi kabisa, Sasaki, Sasaki, Sasaki. Alipotoka alikuwa na machozi. Ningeweza kumzaba kibao, na ningeweza kumkumbatia. Sikufanya lolote, nikarudi kwenye kiti.

Hapo ndipo akaingia Mayuko, binti wa kuleta vifurushi, boksi mkononi. Naye ni wa mjini, ila anakuja kila siku, anatuletea dawa na sabuni. Akatuona nyuso zetu akauliza kuna nini. Shizue akamweleza. Binti akaweka boksi chini polepole.

"Koti la buluu? Viatu vya mpira?"

"Umemwona?" nikasema. Nilishasimama.

"Nimemwona. Lile tangazo la kwanza lilipokuwa linasomwa. Pale njia panda, kwenye daraja dogo. Alikuwa amesimama chini ya spika, anatazama juu, anapiga makofi." Sauti yake ikaanza kukatika. "Nikasimamisha gari. Nikamwuliza, babu, wewe ndiye Bwana Sasaki? Akacheka. Akasema hapana, huyo ni mtu mkubwa, husikii anatangazwa? Akasema, mimi wa Kwa Mhunzi tu."

Nozawa akaketi.

"Alisema vizuri kabisa, bibi. Aliniinamia. Akaniambia niendeshe polepole, barabara inateleza. Nikasema basi siye, nikaenda zangu." Akafunika uso. "Sikujua kama ni jina la nyumba... nilidhani ni duka. Nilidhani ni mzee wa duka."

Hapo mimi ningemlaumu nini? Alimwuliza jina, akajibiwa. Mume wangu hakudanganya, binti hakudanganya, Nozawa alisoma alichopewa. Ningalipata mwenye kosa ningalimshika koo, naapa nilikuwa na nguvu ya kumkaba mtu siku hiyo. Sikumpata.

Shizue akanikimbiza na kigari chake mpaka daraja dogo, ambako njia ni mbili. Moja inashuka mtoni, nyingine inapanda Okuzawa. Wazima moto wa kujitolea walishafika na fimbo zao na taa za kichwani, wote Sasaki, vijana wa miaka sitini. Mkubwa wao ni mtoto wa kaka yake Shizue. Nilimshika mkono wa koti.

"Kapanda, mwanangu. Najua kapanda."

"Mama wa Kwa Mhunzi, wazee wakipotea hushuka. Daima tunawakuta chini, mferejini."

"Huyu hakupotea. Huyu anafuata spika. Anataka kusikia huyo Sasaki wake kafanya nini. Na spika inayofuata iko juu."

Alinisikiliza, sisemi hakunisikiliza. Akatazama mlima. Theluji ilikuwa imeanza, ile ya chembe ndogo ndogo zisizo na haraka. "Kuna dubu huko," akasema. "Polisi wamekataza mtu kupanda bila wawindaji, na wawindaji watafika kesho alfajiri. Nikipeleka vijana nikapoteza mmoja, nitamwambia nini mama yake?"

"Basi nitapanda mimi."

"Shangazi," akamwambia Shizue, "mshike."

Shizue akanishika. Nilimtukana matusi ambayo sikuyajua kama ninayo, na yeye akawa anasema, nitukane, shoga, nitukane, lakini huendi. Nikasimama pale darajani nikaita kuelekea mlimani, "Wa Kwa Mhunzi! Tokuji wa Kwa Mhunzi! Chai imeiva!" Theluji hunyonya sauti. Sikusikia hata mwangwi wangu. Niliita mpaka koo likabaki linatoa hewa tupu, wakanirudisha nyumbani wamenishika kwapa huku na huku.

Alfajiri theluji ilikuwa imefunika figili zangu kwenye upenu. Shizue alikuwa amelala kakaa, kichwa kwenye meza. Nilikuwa nimewasha moto, nimeweka birika, nimeweka na vikombe viwili, maana mikono imezoea. Wawindaji walishapanda. Nikasubiri simu, kwa sababu wakimpata lazima wampigie mwenye nyumba kwanza.

Simu haikulia. Ikalia kengele ya spika.

Wote wa kwetu wanajua jinsi linavyosomwa tangazo la mtu aliyepatikana. Akiwa hai, husema, amepatikana akiwa salama. Hilo neno salama ndilo watu wanalolisubiri, wameshika kijiko hewani. Akiwa si hai hawasemi kitu kibaya. Wanaacha tu lile neno.

"Bwana Sasaki Tokuji, aliyekuwa anatafutwa tangu jana," ikasema sauti ya Nozawa, "amepatikana." Nikangoja. Nguzo ya ng'ambo ikasema amepatikana. Nguzo ya juu ikasema amepatikana. "Tunawashukuru wote kwa ushirikiano wenu."

Shizue aliinua kichwa. "Kasema salama? Tamae, nilikuwa usingizini. Kasema salama?"

Tukasikia miguu inakimbia kwenye theluji, mlango ukavutwa, kumbe ni Tokuji wa Mteremkoni, mzee wa themanini na mmoja, bila kofia, na nguo za kulalia chini ya koti. Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya mlangoni, paji la uso mpaka chini.

"Nisamehe, Tamae. Wamepiga simu kwangu. Wametafuta Sasaki Tokuji kwenye kitabu cha simu, wakapiga kwangu. Mke wangu ndiye aliyepokea, wakampa pole. Nikamwambia, mbona mimi nipo? Nimekuja mbio, nisamehe, spika imenitangulia." Alikuwa analia, na katikati ya kilio akatoa kicheko kibaya. "Darasani walikuwa wanampiga yeye kwa makosa yangu. Hata leo."

Nikamwambia ainuke, sakafu ni baridi. Nikampa kile kikombe cha pili.

Walimkuta Okuzawa, mbele ya nyumba ya mwisho, ambayo haina mtu wala paa. Spika ya pale haijazimwa tangu watu walipohama, inatangazia nyasi. Alikuwa amekaa chini ya nguzo, mgongo umeegemea. Polisi aliyekuja kunieleza alikuwa mpole sana. Akasema hakuonekana kuteseka, na kwamba mikono yake ilikuwa imekutanishwa viganja, kwamba bila shaka mzee aliondoka akisali. Nikamwinamia nikamshukuru. Tokuji hakuwahi kusali hata siku moja, hekaluni alikuwa analala. Lakini polisi yule ningemweleza nini? Ningeanzia wapi?

Nozawa alikuja mwenyewe na fomu ya msiba. Alikaa hapo mlangoni hakutaka kuingia, akauliza saa ya maziko, jina la mfiwa, halafu kalamu yake ikasimama. Nikaona imesimama wapi. Ile nafasi ilikuwa tupu, ndefu, imepigwa mstari chini yake.

"Jaza," nikamwambia. "Unalijua."

Siku ya maziko theluji ilikuwa imekatika, bonde limetulia, sauti inasafiri vizuri. Nilikuwa upenuni naondoa figili zilizoungua kwa barafu. Kengele ikalia. Nozawa alisoma polepole, kila neno peke yake, kijana wa watu alijitahidi.

"Tangazo la msiba. Amefariki Bwana Sasaki Tokuji, wa Kwa Mhunzi."

Ng'ambo ikasema, wa Kwa Mhunzi. Na ile ya Okuzawa, iliyochelewa kama kawaida yake, ikaita juu kabisa mlimani, wa Kwa Mhunzi. Nilisimama na kamba mkononi, nikasikiliza mpaka mwisho kama kuna atakayeitika.